Paneli Tatu Uani kwa Mama Adèle

Jumatatu, 7 Julai

Nimesema. Haiwezi kurudishwa. Jana, mbele ya familia zote mbili, chai ikiwa bado ya moto, nimetangaza kwamba sherehe ya mahari ya mjukuu wangu Bénite itaangazwa na jua. Jua peke yake! Watu wakanyamaza. Nilidhani ni heshima. Mke wangu Orpa anasema walikuwa wanangoja nicheke ili na wao wacheke.

Kosa ni la Mathe. Anakaa ng'ambo ya barabara. Ana groupe, jenereta ya Kichina inayonguruma kila jioni kama lori lililokwama, na anagawia mtaa umeme kwa nyaya zilizolegea kama kamba za nguo. Tena ni baba mdogo wa Gracien, mchumba wa Bénite, na msemaji wa upande wao. Jana alisimama, akashika magoti yake mabovu, akasema wataleta mbuzi, wataleta vitenge, halafu akaniangalia mimi, akaongeza na umeme: "Na courant pia, Muzee. Mwanga usikuhangaishe, tutakuja nayo."

Mbuzi, sawa, ni desturi. Lakini wageni wanaokuja kuomba binti, wamletee mwenyeji hata taa ya kuwaona? Kwetu Eringeti nilikuwa na kahawa, migomba, nyumba ya matofali yenye baraza. Vyote vilibaki siku tulipokimbia vita. Bénite aliingia Butembo mgongoni kwa bibi yake. Mjukuu akiolewa, babu hutoa kitu. Mimi nina nini? Vyumba viwili vya kupanga uani kwa Mama Adèle, kitabu cha fizikia ambacho kurasa za mwisho zilibaki Eringeti, na kiti cha msemaji wa familia. Niliposimama sikujua nitasema nini. Nikasikia neno "jua" linatoka mdomoni mwangu. Nikaona ni wazo zuri.

Na ni zuri! Nimelisoma. Jua linaloanguka juu ya mabati ya Butembo kwa siku moja lingetosha kuuwasha mji huu wote, na Beni, na kijiji cha mtu. Bila mafuta. Bila kelele. Bila Mathe.

Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bénite ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia ataolewa chini ya mwanga wangu. Akanishika mkono. Sasa lazima.

Jumatano, 9 Julai. Beni.

Naandika nikiwa Mulekera, kwa Nzanzu, mtu wa kwetu aliyekimbia kama mimi, lakini yeye alikimbia na kichwa cha biashara. Anauza paneli. Nimepata tatu, betri moja, taa nne. Sikuwa na cha kulipa, kwa hiyo nimeacha rehani: suti yangu ya kahawia. Niliivaa siku ya ndoa yangu, na siku tuliyokimbia, kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na mlango. Nzanzu ameijaribu papo hapo. Imemkaa vizuri kuliko mimi. Sikupenda.

Lakini jua la Beni! Saa sita mchana kuku walikuwa wanatembea kwenye kivuli cha watu. Paneli ziliwasha taa zote, redio, na friji ndogo ya soda. Nzanzu akanionya. "Papa, Butembo ni mulima. Kule jua inaamukaka kuchelewa." Nikamjibu kwamba jua ni moja, halina tawi Beni na tawi Butembo. Yeye alikuwa anaangalia mikono ya suti.

Jioni nimesimama kwenye barabara inayokwenda kaskazini. Mbau, halafu Oicha, halafu kwetu. Si mbali, kwa pikipiki ni safari ya mtu mwenye haraka ndogo tu. Malori ya mbao yalikuwa yanatoka huko. Nikawa naangalia magogo kama mtu anayetafuta sura anayoijua kwenye msafara wa mazishi. Halafu nikaenda kula.

Alhamisi, 10 Julai

Nimerudi. Paneli ikifungwa mgongoni mwa pikipiki inakuwa bawa. Penye mteremko tuliruka kidogo. Dereva aliimba wimbo wa kanisa mpaka Butembo.

Mama Adèle, mwenye nyumba, ni mjane, Mkatoliki, mtu mwema na mwenye sauti. Amekataa paneli zisipande juu ya bati. Misumari inaleta mvua ndani, anasema, na yeye mvua ya ndani anaijua. Lakini uani, hapo katikati, karibu na jiko, niweke. Tena niweke vizuri, akasema, nizinyanyue mpaka kiunoni ili mbuzi wasifike. Akanisaidia hata kushika nguzo. Ukarimu wa ajabu.

Fundi wa kazi yote ni mimi. Kitabu kinasema paneli ilale kulingana na umbali wa mahali kutoka ikweta. Sisi tuko pale pale kwenye ikweta. Kwa hiyo nimezilaza kabisa, sawasawa, kama meza. Majirani wamekuja kuangalia. Nimewaeleza ikweta. Mama Adèle alipitisha kiganja juu ya kioo, akasema ni laini, na ni pana.

Ukungu mpaka mchana. Jioni taa moja imewaka, nyekundu, kama jicho la mbuzi mgonjwa. Mathe alipita barabarani akauliza kama tumewasha mshumaa. Nimesema ni majaribio.

Jumamosi, 12 Julai

Jua! Tangu saa tatu, jua kamili, bila deni. Nikaenda salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kufagia mtaro na wenzangu, moyo mwepesi. Nilimwambia Mathe, ambaye alikuwa ameegemea jembe lake, kwamba wakati anapumzika, betri yangu inakula. Akasema hata groupe yake inapumzika mchana, tofauti ni kwamba jioni inaamka.

Nimerudi. Betri tupu! Tupu kama jana ya ukungu. Nimekagua nyaya zote. Nyaya nzima. Vioo visafi, safi kuliko nilivyoviacha, na kwenye pembe kulikuwa na unga unga mweupe kidogo. Nimeandika: vumbi la barabara? Namshuku Mathe. Mtu mwenye groupe anaweza kuwa na njia zake.

Jumatatu, 14 Julai

Si Mathe. Ningependa awe Mathe.

Leo nilijifanya naenda sokoni, nikarudi kwa njia ya nyuma. Jua lilikuwa linawaka. Na paneli zangu, zote tatu, kutoka ukingo mpaka ukingo, zilikuwa zimefunikwa na mihogo! Mihogo iliyolowekwa, iliyomenywa, imepangwa safi kama vigae. Mama Adèle na wanawake wawili wa jirani walikuwa wanaigeuza.

Ukungu ukiwepo, mihogo inabaki ndani, paneli zinabaki wazi. Jua likitoka, mihogo inatoka. Kwa maneno mengine, paneli zangu zinaangalia mbinguni wakati tu ambapo mbinguni hakuna kitu.

Nimelalamika kwa adabu. Mama Adèle ameshangaa kweli kweli. Amesema mahali pale ndipo alipokuwa anatandika turubai la kuanikia mihogo tangu mumewe akiwa hai, mimi nimeweka meza juu yake, yeye hakusema kitu. "Na jua ni ya batu yote, Muzee, hapana ya mutu moja." Halafu akanionyesha kipande. Kwenye turubai mwezi huu wa ukungu mihogo inaota kuvu, inakuwa nyeusi, inanuka. Kwenye kioo inakauka kwa siku mbili, nyeupe kama karatasi. Kioo ni cheusi, kina joto, upepo unapita chini, mbuzi hawafiki. Akasema mtu aliyetengeneza kitu kile alikuwa anajua mihogo.

Ningesema nini? Kwetu mtu hamkatazi jirani mahali pa kuanika. Unaweza kumnyima chumvi, utasamehewa. Na mimi ni mgeni kwenye ua wa mtu, tangu miaka ile.

Orpa alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Sikumuuliza ni ya nani.

Jumanne, 15 Julai

Nina akili. Kama siwezi kukataza, naweza kuogopesha.

Asubuhi, bombani, nilimnong'oneza mwanamke mmoja, kwa siri, kwamba mihogo ya kwenye paneli inanyonya courant. Asimwambie mtu. Anayekula bugali yake atasikia kitu kinatembea mwilini, hasa magotini. Nilimwona akifungua macho. Hakungoja hata ndoo ijae.

Kesho vioo vitakuwa wazi.

Jumatano, 16 Julai

Maafa! Wamekuja kutoka mitaa mitatu. Kila mwanamke mwenye mume mwenye magoti mabovu amekuja na beseni. Kuna waliopanda mlima. Kuna mmoja amesema mama mkwe wake hajainuka kitini tangu Pasaka, na kama courant ipo kweli, nimwekee upande wenye nguvu. Mama Adèle anapanga zamu. Wakatoliki asubuhi, Waprotestanti mchana, ili kusiwe na maneno.

Mke wa Mathe naye amekuja. Beseni kubwa. Mume wake amemtuma.

Nimejaribu kueleza kwamba haiwezekani, kwamba wanga haushiki umeme. Mama mmoja akanijibu kwa upole kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesema.

Nimebaki na nusu saa ya jua, kati ya zamu. Mvua ikanyesha.

Ijumaa, 18 Julai

Sherehe ni kesho. Betri imejaa kiasi cha kuwasha taa kwa muda wa kusali sala fupi. Bénite amepita akiimba, amebeba vyombo vya kuazima. Akaniuliza, Koko, ndivyo anavyoniita mimi babu yake, mwanga uko tayari? Nikasema uko njiani.

Sikuishia hapo. Nimeifunga betri ndani ya shuka, nimeibeba begani, nimevuka bonde, nimepanda mlima wa pili ambako hakuna anayenijua, mpaka kwenye kibanda cha kuchajia simu. Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja mchangamfu. Ameiunganisha bila maswali. Nikakaa kwenye kreti kutwa nzima, kofia mpaka machoni.

Jioni, kwa mazungumzo tu, nikamuuliza umeme wake unatoka wapi. "Kwa papa Mathe, mais! Waya inatoka kule chini mpaka huku." Akasema leo Mathe amepiga simu kuuliza ni kitu gani kinakula courant yote, naye akamwelezea: muzee mmoja mwembamba, betri ndani ya shuka la maua.

Shuka letu. Orpa analianika barabarani kila Jumatatu.

Njiani nimetafakari sana. Kitabu kinasema mafuta ya petroli ni uhai wa kale uliolishwa na jua, ukazikwa chini ya ardhi. Kwa hiyo groupe ya Mathe inachoma jua la zamani. Kwa hiyo betri yangu ina jua. La zamani, lakini jua. Sijasema uongo kwa mtu yeyote. Nimefika nyumbani nikiwa na amani.

Jumapili, 20 Julai

Jana sikuandika. Naandika leo, kwa utaratibu.

Upande wao walifika alasiri, na mbuzi wanaopiga kelele na nyimbo zinazopiga kelele zaidi. Nilikuwa nimevaa koti la kuazima. La Mathe! Orpa alipogundua suti haipo, hakugomba, alivuka tu barabara. Mikono ya koti ilifika kwenye vidole. Nikipunga mkono, koti linapunga peke yake.

Mjadala wa mbuzi ulichukua muda wake, kama inavyotakiwa. Mbuzi mmoja alikuwa na kikohozi. Tulimkataa, wakamtetea, akakohoa, wakambadilisha. Giza likaanza kushuka. Mathe akaniangalia. Watu wote wakaniangalia. Nikainuka, nikaunganisha waya.

Taa nne! Nyeupe, kimya, bila moshi. Ua mzima ukasema aah. Nilimwona Bénite chini ya taa ya pili, kitambaa chake cha manjano, uso wote unaonekana. Ningenyamaza hapo. Orpa anasema kila mtu aliyenipenda alikuwa ananiombea ninyamaze hapo.

Lakini msemaji ni mimi. Nikasimama kusema neno moja juu ya jua. Nilianza na kahawa ya Eringeti, jinsi jua lilivyokuwa linaikausha barazani na harufu inaingia mpaka kitandani. Nikapita Beni. Nikaeleza ikweta. Nikasema siku itafika ambapo mji wote utaishi kwa jua, hospitali, shule, vinu, na watoto wetu watauliza groupe ilikuwa mnyama gani. Watu wakapiga makofi. Nikaendelea. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "mwanga ambao hakuna mtu atakayeweza kuuzima," mkono umenyooka, koti limenyooka, taa zikazimika.

Zote. Giza. Mbuzi akakohoa.

Nikasikia hatua za mtu anayekuja polepole. Mathe. Aliinama sikioni kwangu. "Muzee, ile betri, ni mimi niliipa kula jana. Mais sasa tumekuwa bakwe. Nitanyamaza." Halafu akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba jua limefanya kazi yake, ni saa yake ya kulala, hata Mungu amepanga hivyo, basi tuache mdogo wake, groupe, alinde mpaka asubuhi. Watu wakacheka vizuri, si cheko la kuua. Groupe ikanguruma. Nikakaa. Nilijiona mdogo ndani ya koti lile. Ahadi moja tu kwa mtoto yule, na nimeitimiza kwa muda wa hotuba.

Chakula kikaja. Na hapa kuna jambo ambalo silielewi. Bugali ilikuwa nyeupe, laini, haina harufu, mwezi huu ambao mji mzima unakula bugali ya kijivu. Wageni walikula, wakaongezwa, wakaongezwa tena. Kisha Mama Adèle akaingia akiimba, nyuma yake wanawake wa zamu zote, za asubuhi na za mchana, kila mmoja na beseni la unga kichwani. Wakayatua miguuni kwa Bénite, moja, jingine, jingine, mpaka akazungukwa. Mama Adèle akasema huu ni mchango wa Koko yake. Hakuna aliyewaomba. Kila aliyeanika alitoa sehemu.

Mathe akainuka kujibu, kwa niaba ya upande wao. Aliinuka bila kushika magoti! Nililiona hilo, wote waliliona. Akasema walikuja na mwanga wakifikiri mwenyeji hana kitu, kumbe mwenyeji amewalisha jua kwenye sahani. Makofi. Vigelegele. Bénite akanikumbatia, akalia shingoni kwangu, unga ukanijaa kwenye koti la watu. Akasema ataondoka na chakula cha nyumbani kwake cha miezi, na kila akisonga bugali atanikumbuka.

Unga! Mimi niliahidi mwanga, wao wananishukuru kwa unga. Nilijikaza, nikatabasamu, kwa ajili ya mtoto.

Jumanne, 22 Julai

Nzanzu ametuma neno. Nirudishe paneli, nichukue suti, ama suti ibaki kwake. Wanawake wamesikia. Wamekuja wote, pamoja na yule mwenye mama mkwe wa kitini, mama mkwe ambaye sasa anatembea mpaka mlangoni kwake. Paneli zisiondoke. Nimewaambia nitafikiri.

Jioni nimemweleza Orpa huzuni yangu: kwamba nchi hii haiko tayari kwa jua. Alikuwa anatwanga. Alisema nchi hii inakausha kwa jua mihogo, kahawa, maharage, samaki, matofali, nguo na magodoro, na hajaona mtu mwenye kazi nyingi zaidi ya jua. Mimi tu, akasema, ndiye niliyetaka kwanza lipite kwenye waya.

Nimekaa na maneno yale. Nimekaa nayo sana. Nilizunguka paneli mara kadhaa. Niligusa kioo. Nikagusa kipande cha muhogo, kikavu, chepesi, kikavunjika vizuri mkononi. Halafu, ghafla, nikaelewa!

Shida yote ni kwamba mihogo na paneli vinagombania jua moja. Basi viachanishwe! Nzanzu anajua mtu Beni mwenye mashine ya kukaushia, sanduku la chuma, lina waya unaopata moto, linakausha chochote. Mihogo itaingia ndani ya mashine. Mashine itakula umeme wa paneli. Paneli zitakuwa wazi, kwa sababu mihogo itakuwa ndani. Itahitaji paneli nyingi zaidi, kama ishirini hivi, zitajaza ua wote mpaka jikoni, lakini Mama Adèle hatakuwa na haja ya ua tena, kwa kuwa hataanika.

Orpa ameuliza jambo moja: kama jua lipo, kwa nini mihogo isiwekwe tu juani? Nimemwambia hilo ni swali la zamani.

Kesho nashuka Beni. Suti ibaki kwa Nzanzu. Kwa ajili ya mashine atataka rehani nyingine, na nimepekua vyumba vyote viwili. Kimebaki kitabu cha fizikia. Kitaenda. Nimeshakielewa.